Somo la Historia: Mchoro wa Fundi Ulivyotoka Kifungoni

Kabla sijaanza, kila mmoja aweke kibiriti mezani mbele yake. Tayari? Kitazame kutoka juu: utaona umbo moja. Kitazame kutoka mbele: umbo jingine. Kitazame ubavuni: umbo la tatu. Fundi akiyachora maumbo hayo matatu pamoja na vipimo vyake, fundi mwingine aliye mbali, asiyejua hata lugha yake, aweza kutengeneza kibiriti kama hicho. Huo ndio mchoro wa mainjinia. Leo nitawaeleza jinsi ulivyoanza kufundishwa vyuoni.

Zamani mafundi walichora, lakini mwashi alikuwa na njia yake na seremala yake, na mtoto alijifunza kwa baba. Kanuni moja ya wote haikuwapo.

Basi mwaka 1746, katika mji wa Beaune, nchi ya Ufaransa, alizaliwa Gaspard Monge, mtoto wa mchuuzi. Kwa akili yake alipelekwa kwenye chuo cha mainjinia wa jeshi huko Mézières. Lakini uofisa ulikuwa wa watoto wa mabwana wakubwa. Mtoto wa mchuuzi akawekwa katika karakana ya wachoraji.

Siku moja akapewa kazi. Ngome inatakiwa kujengwa. Je, kuta ziwe na kimo gani ili mizinga ya adui isiwapate walio ndani? Hesabu hiyo ilikuwa ndefu sana. Monge aliifanya kwa kuchora, akamaliza upesi mno hata mkubwa wake akakataa kuitazama. Alidhani kijana hakuhesabu kitu! Baadaye kazi ikaangaliwa, ikaonekana sawa.

Alifanyaje? Twaa karatasi uikunje katikati. Nusu moja ilale mezani kama sakafu, nusu nyingine isimame kama ukuta. Weka kibiriti juu ya sakafu hiyo. Kila pembe ya kibiriti, ishushe wima mpaka sakafuni utie alama. Kisha ipeleke moja kwa moja mpaka ukutani utie alama. Sasa ondoa kibiriti, ulaze ukuta chini. Kitu chenye urefu, upana na kimo kimeingia katika karatasi bapa, wala hakuna kipimo kilichopotea. Rudia mara mbili tatu, maana hapa ndipo penye elimu yote.

Wakubwa wa jeshi walipoona faida yake, waliifanya siri. Monge aliifundisha chuoni humo, lakini hakuruhusiwa kuichapisha. Mimi naona walimfungia mlango mara mbili: kwanza yeye mwenyewe, kisha elimu yake.

Mlango ulifunguliwa na Mapinduzi ya mwaka 1789. Mwaka 1794 kilianzishwa chuo kipya mjini Paris, ambacho baadaye kiliitwa École Polytechnique, na Monge alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Huko kijana aliingia kwa mtihani, si kwa ukoo. Mwaka 1795 Monge alifundisha elimu ile waziwazi katika chuo cha walimu, na mwaka 1799 masomo yake yakatoka kitabuni.

Mfaransa mwingine, Claudius Crozet, aliipeleka Marekani mwaka 1816, katika chuo cha jeshi cha West Point. Kitabu cha Kiingereza hakikuwapo, na Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa cha shida. Inasimuliwa kwamba alimwambia seremala amtengenezee ubao, ukapakwa rangi nyeusi, akafundisha kwa chaki.

Rula na kalamu zilitawala muda mrefu. Kisha mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha programu iitwayo Sketchpad. Alichora mistari juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Mwaka 1982 ikatoka AutoCAD, iliyofanya kazi katika kompyuta ndogo za mezani.

Siku hizi mwanafunzi aweza kujenga kitu kizima ndani ya kompyuta, nayo ikamtolea yale maumbo matatu. Kazi ya Monge imegeuzwa kinyumenyume! Hata hivyo wako walimu wanaotaka mwanafunzi achore kwanza kwa mkono, nami nawaunga mkono. Kompyuta huchora ilichoambiwa, hata kama tundu limewekwa mahali pasipowezekana kutobolewa.

Kazi ya nyumbani: choreni kikombe chenye mkono, kutoka juu, mbele na ubavuni. Msiandike jina lake. Mpeni jirani aseme ni kitu gani. Akishindwa, rudini kwenye karatasi ile iliyokunjwa.