Mafunzo ya wahariri wa majarida ya kitaaluma

Mafunzo ya wahariri wa majarida ya kitaaluma ni mafunzo ya kazini yanayowapa wahariri na watafiti ujuzi wa kupokea, kupima, kusahihisha na kuchapisha makala za utafiti. Ni ya kazini kwa sababu mhariri wa jarida la chuo kikuu kwa kawaida ni mhadhiri aliyesomea fani nyingine, kama misitu au tiba ya mifugo, akaongezewa uhariri juu ya vipindi vyake.

Mfano wa Morogoro

Mji wa Morogoro, ambao wasafiri wengi huujua kwa kituo cha mabasi cha Msamvu tu, una vyuo vikuu vinavyochapisha majarida. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), chini ya milima ya Uluguru, kilianzishwa mwaka 1984. Awali kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majarida yake ni pamoja na Tanzania Journal of Agricultural Sciences na Tanzania Journal of Forestry and Nature Conservation. Chuo Kikuu Mzumbe, kilichoko upande wa barabara ya Iringa, huchapisha jarida la Uongozi.

Majarida ya aina hii hutegemea watu wachache. Mhariri akihamishwa au akistaafu bila kumfundisha mwingine, toleo huchelewa, na wakati mwingine nywila za tovuti huondoka naye. Mwandishi anayengoja jibu miezi mingi hupeleka makala yake ng'ambo, ambako mkulima wa Mgeta au ofisa ugani wake huenda wasiione kamwe.

Yanayofundishwa

Somo kubwa ni mapitio ya wataalamu, yaani kumpelekea makala msomi wa fani hiyohiyo aipime bila kumjua mwandishi. Katika nchi yenye wataalamu wachache jambo hili ni gumu kuliko vitabu vinavyosema: mpitiaji anaweza kuwa aliyemsimamia mwandishi katika tasnifu yake, na atamtambua kwa jina la kijiji alikofanyia utafiti. Wahariri hufundishwa kutafuta wapitiaji nje ya chuo, kuuliza mapema kuhusu mgongano wa maslahi, na kuandika barua ya kukataa makala ambayo bado inamsaidia mwandishi.

Mengine ni wizi wa maandishi, ikisiri, marejeleo na matumizi ya programu za uchapishaji. Inayotumika sana ni Open Journal Systems, ambayo ilianzia Kanada na hutolewa bure.

Taasisi zinazohusika

Shirika la INASP la Oxford, Uingereza, lililoundwa mwaka 1992, lilianzisha African Journals Online (AJOL) mwaka 1998 ili majarida ya Afrika yasomeke kwenye intaneti. Mwaka 2005 AJOL ilihamia Afrika Kusini. Mwaka 2017 mashirika hayo mawili yalitoa utaratibu wa kupima majarida kwa vigezo vingi na kuyapa nyota, hadi tatu. Faida yake hasa ni kwamba mhariri huonyeshwa kasoro za jarida lake, akajua aanze kurekebisha wapi. Kwa upande wa maadili, kamati ya COPE, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, hutoa miongozo inayotumika kimataifa.

Kwa watafiti, INASP ilianzisha AuthorAID mwaka 2007. Mpango huu humkutanisha mtafiti mchanga na mlezi mwenye uzoefu, tena bila malipo.

Majarida ya kilaghai

Kwa kuwa mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho, yamezuka majarida yanayotoza ada na kuchapa chochote bila kukipima. Mkutubi Jeffrey Beall wa Marekani aliyaorodhesha hadi mwaka 2017, orodha yake ilipoondolewa mtandaoni. Mafunzo humzoeza mtafiti kuuliza maswali yaleyale ambayo mteja mwangalifu huuliza dukani: wenye jarida ni nani, bodi ya uhariri inajulikana, na mbona makala imekubaliwa kwa siku tatu?

Lugha

Miongozo mingi ya mafunzo haya iko kwa Kiingereza, ingawa yapo majarida yanayochapisha utafiti kwa Kiswahili, kama vile Kiswahili na Mulika ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata istilahi za kazi yenyewe hazijatulia: wapo wanaosema mpitiaji, na wapo wanaosema msomaji au mtathmini.