Mikaratusi Myeupe ya Albert Namatjira

Mwaka 1936 mchoraji Mzungu Rex Battarbee alirudi katikati ya Australia, kwenye misheni ya Kilutheri ya Hermannsburg, akihitaji mtu wa kumwongozea ngamia. Albert Namatjira, Mwaborijini wa jamii ya Waarrernte wa hapo hapo mwenye miaka 34, akaifanya kazi hiyo ili naye afundishwe rangi za maji. Walizunguka milimani kwa jumla ya miezi miwili. Darasa lake lilikuwa hilo tu.

Mkono, hata hivyo, ulikuwa umeshazoea. Kwa miaka alikuwa akichoma michoro kwa chuma cha moto kwenye vibao vya mti wa mulga, na misheni ikiviuza. Mwaka 1938 alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake mjini Melbourne, na picha zote 41 zikanunuliwa.

Ukizitazama picha zake, jicho hukutana kwanza na mkaratusi. Shina lake jeupe husimama mbele, karibu kiasi cha kuguswa, na mara nyingine limekatwa na ukingo wa karatasi. Nyuma yake ardhi nyekundu inatanda hadi kwenye milima ya MacDonnell, ambayo ameipaka zambarau na buluu kwa matabaka mepesi ya rangi, weupe wa karatasi ukipenya chini yake kama mwanga wa asubuhi.

Wahakiki wengi wa miji mikubwa walimwita mwigaji wa Wazungu. Naona walikosea vibaya. Mlima Sonder, ambao yeye aliujua kwa jina la Rutjipma na aliuchora mara nyingi, kwake haukuwa mandhari ya kupendeza macho. Alikuwa akichora kwao, na kwa Waarrernte milima na miti hubeba habari za mababu.

Lakini alipoomba eneo la kulishia mifugo katika nchi hiyo hiyo, serikali ilimkatalia. Uraia kamili aliupata mwaka 1957. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo kwa kumpa ndugu yake pombe, kwa kuwa sheria iliwakataza Waaborijini wengine kunywa. Alitumikia miezi miwili, akatoka amevunjika moyo.

Alipolazwa hospitalini Alice Springs, alimkabidhi Battarbee, mwalimu wake wa zamani, picha tatu za mandhari na kumwahidi nyingine. Alifariki tarehe 8 Agosti 1959.