Hati ya Mfanyabiashara: Kutoka Njia ya Misri Hadi Sokoni Singida

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, wafanyabiashara wa Kiislamu hapa Singida hutuuliza: je, kuandika daftari la mauzo na matumizi si kujipeleka wenyewe kwa mkaguzi wa kodi? Tumeona tuwajibu kwa tarehe.

Katika karne ya 19 misafara ya pwani iliyokwenda Unyanyembe ilipita Ugogo, kisha Mgunda Mkali, nyika ambayo sehemu yake leo imo Manyoni. Watemi wa Kigogo waliitoza hongo ya vitambaa, shanga na nyaya. Kiwango maalumu hapakuwa. Msafara ulikadiriwa kwa macho, watu wakajadiliana siku kadhaa, na aliyemlipa mtemi wa kwanza alidaiwa upya na wa pili. Hatuwalaumu sana watemi hao, kwani maji na chakula vilikuwa vyao. Lakini mfanyabiashara hakuwa na kitu cha kuonesha kwamba amekwisha kulipa.

Miaka zaidi ya elfu moja kabla yao, jambo kama hilo lilimfikia Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Abu Yusuf anasimulia katika Kitabul Kharaj kwamba Mkristo wa kabila la Taghlib alipita na farasi kwa Ziyad bin Hudayr, mtoza ushuru. Farasi alithaminiwa 20,000, naye akalipa 1,000. Aliporejea mwaka ule ule akadaiwa 1,000 nyingine. Akasafiri hadi Makka kumshitakia Khalifa. Umar alimjibu kwa neno moja tu, la kumtosheleza, na yule bwana akarudi akidhani amepuuzwa, amekwisha kujiandaa kulipa. Kumbe barua ya Umar imemtangulia: aliyekwisha kutozwa asitozwe tena mpaka siku kama hiyo mwaka ujao. Akasilimu papo hapo.

Umar bin Abdulaziz, aliyetawala mwaka 99 hadi 101 Hijria, aliifanya haki hiyo kuwa karatasi. Imamu Malik amepokea katika Muwatta barua yake kwa Zurayq bin Hayyan, msimamizi wa njia ya Misri: kwa Muislamu achukue dinari 1 katika kila 40, mali ikipungua dinari 20 hata kwa theluthi ya dinari aiache, na awaandikie watu hati ya alichochukua, iwatoshe mpaka mwaka mwingine. Hii ndiyo risiti, ndugu zetu, nayo iliandikwa kwa ajili ya mlipaji.

Tukirudi kwa muuza vitunguu wa Misuna na mkamuaji wa alizeti, asiye na daftari amemwachia mkadiriaji macho yake, kama ule msafara wa Ugogo. Kwa sheria ya fedha ya mwaka 2019, mdogo mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 bila kumbukumbu alitozwa 100,000. Mwenzake mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Mkubwa anayetengeneza hesabu kamili hupunguziwa gharama zilizozalisha mapato, kama pango, mishahara na mafuta ya lori. Ada ya watoto na unga wa nyumbani havimo, na kuvichomeka humo ni uongo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na inampa asiyeridhika siku 30 kuweka pingamizi. Yule wa Taghlib alilazimika kwenda Makka!

Mwenye madaftari mawili, moja lake na moja la mkaguzi, hana hoja kwetu. Katika vitabu vya Hanafi mfanyabiashara aliyedai ana deni alisadikiwa mbele ya mtoza ushuru, lakini kwa kiapo.

Limebaki suala la zaka, nayo haiondoki kwa kulipa kodi. Kodi iliyokadiriwa ikawa haijalipwa ni deni. Mahanafi hupunguza deni kabla ya kutazama nisabu, na katika kauli mpya ya Imamu Shafi, tunayemfuata wengi wetu, deni halizuii zaka. Sayyidna Uthman (R.A.) aliutangaza mwezi wa zaka akiwataka watu walipe madeni yao kwanza. Kwa hiyo mwenye duka alipe deni la kodi kabla ya mwaka wake wa zaka kutimia, na khilafu hiyo haitamgusa. Wallahu a'lam.