Namna gani kubadilisha mwendo wa video kwenye ordinateri, na wakati gani inasaidia

Masomo mingi ya video yenye wanafunzi wanatazama juu ya kutayarisha Exetat iko kwa Kifaransa, na mara mingi mwalimu wa kwenye video anasema mbio. Mashariki mwa Kongo, watoto wengi wanaanza masomo kwa Kiswahili, kisha wanapita kwa Kifaransa. Si kila mmoja anashika neno mara ya kwanza. Programu za kutazama video zina fasi ya kupunguza ao kuongeza mwendo, lakini wengi hawajaifungua hata siku moja.

Namba zina maana gani

Namba 1 ni mwendo wa kawaida. Somo la saa moja linachukua dakika 48 kwa mwendo wa 1,25, dakika 40 kwa 1,5, na dakika 30 kwa 2. Kwa 0,75 linafika dakika 80. Sauti haibadiliki kuwa nyembamba sawa vile kaseti yenye kupigwa mbio, sababu programu inakata sauti vipande vidogo sana na kuviunganisha upya. Lakini kwa 0,5 maneno yanavutika kama ya mlevi. Kwa kusikia Kifaransa vizuri, mara mingi 0,75 inatosha.

Kwenye YouTube

Chini ya video, upande wa kuume, kuna alama ya gurudumu lenye meno. Mtu anaifinya, anachagua «Vitesse de lecture», kisha anachagua namba, kuanzia 0,25 mpaka 2. Kwa kurudia mwendo wa kawaida, anafinya «Normale».

Kwenye VLC, bila intaneti

VLC ni programu ya bure, yenye ilianzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wa École Centrale Paris. Inafungua video zenye kuhifadhiwa kwenye ordinateri ao kwenye flash, hata kama hakuna intaneti. Juu kabisa kuna menyu «Lecture». Ndani yake kuna «Vitesse», na pale kuna chaguo za kuongeza, kupunguza na kurudisha mwendo. Kwenye klaviye, alama ya + inaongeza, – inapunguza, na = inarudisha kawaida.

VLC inafungua pia sauti peke yake. Sekretere mwenye kuandika yale yaliyosemwa kwenye mkutano anaweza kuisikiliza polepole, bila kurudi nyuma kila mara.

Mega na betri

Kuongeza mwendo hakupunguze mega. Video ni ile ile, na ikitazamwa yote, inakula mega zile zile, lakini kwa muda mfupi zaidi. Kama koneksio ni dhaifu, video ya mwendo wa 2 itasimama-simama. Mwenye kutaka kuchunga mega abadilishe «Qualité», kwenye gurudumu lile lile, aweke 240p ao 360p. Kenye mwendo unasaidia kuchunga ni saa: pale umeme umekatika na betri imebakia kidogo, dakika 20 zenye kupatikana kwa mwendo wa 1,5 ni kitu.

Wakati gani kupunguza, wakati gani kuongeza

Somo jipya linatazamwa kwa mwendo wa kawaida ao 0,75. Somo lenye mwanafunzi alikwisha kuelewa, na anarudilia tu, linaweza kuwekwa 1,25 ao 1,5. Kwa hesabu na fizikia, mbio inadanganya: mwanafunzi anaona jibu, lakini hajaona njia.

Iko namna moja ya kujipima. Kisha dakika kumi, mwanafunzi asimamishe video na aeleze somo kwa maneno yake, ao afanye zoezi bila kuangalia. Akishindwa, arudie ile sehemu kwa mwendo wa 1. Kwenye Exetat hakuna mwenye atauliza alimaliza video ngapi.