Data Ilianzia Kwa Daftari ya Mama Mboga

Wasee, mkisikia uchambuzi wa data mnafikiria ofisi za Westlands zenye kiyoyozi. Mimi nafikiria daftari ya kurasa 96 yenye imefungwa na kamba kwa kibanda cha mama mboga wetu, Kayole. Ndani kuna nani amekopa sukuma ya ishirini, nani hulipa mwisho wa mwezi, na nani hulipa maneno tu. Na kichwani ana mengine: mvua ikinyesha watu hawapiti, shule zikifungwa nyanya zinakaa.

Kwa hiyo hesabu ndio anaamkia saa kumi usiku kwenda Marikiti. Akikosea anaozewa na mzigo, na hakuna wa kumrudishia pesa.

Mwaka wa 2007 M-Pesa ikaingia, na malipo madogo yakaanza kuacha alama kwa simu. 2014 Grant Brooke na Peter Njonjo wakaanzisha Twiga Foods, wakianza na ndizi. Ujanja wao ulikuwa rahisi: kusanya oda za vibanda kwa simu, zijumlishe, ndio ujue mji unataka ndizi ngapi kabla hujanunua kwa mkulima. Halafu peleka mpaka kibandani.

Lakini mimi hunishika hapa 2018. IBM na Twiga walichukua rekodi za oda za vibanda 220, mashine ikakadiria nani atalipa deni. Wakakopeshwa, wastani kama dola 30 kila mmoja. Manze, si hiyo ni daftari? Mama amekuwa akijua nani wa kukopesha miaka yote, ila hakuna benki ilikubali daftari yake kama dhamana. Historia yake ilipata thamani siku iliingia kwa kompyuta ya mwingine.

2023 Twiga ikapunguza wafanyakazi. Kampuni hubadilika, sawa. Sasa zile oda za mama zinabaki kwa nani? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kuomba data yake, hata kuihamishia kwingine, tuseme sacco yenye anataka ikamkopeshe. Sijawahi kuona mtu mtaani akiitumia.

Juzi nikamweleza mama. Akasikiliza vizuri, akauliza, "Na hiyo karatasi wataniletea hapa ama nitafunga kibanda niende town?" Kabla sijajibu akafungua daftari, akaandika avocado zangu mbili.