Kanisa Dogo, Shamba Kubwa: Rembrandt Akisomwa Kutoka Muleba

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kusaka fani na maudhui ndani ya riwaya. Picha tunaipita tu, eti pambo la ukutani. Nami nilikuwa nimeipita hivyo hivyo picha ya Rembrandt ya mwaka 1651 iitwayo "Shamba la Mpima Dhahabu".

Kifani ni kazi ya sindano. Bamba la shaba hupakwa nta, msanii huikwaruza, tindikali hula palipokwaruzwa. Kisha wino hupakwa na karatasi ikakandamizwa juu yake. Kila kitu hutokea kinyume, kulia huwa kushoto. Mbingu imeachwa tupu. Chini yake ni mashamba tambarare karibu na Haarlem, Uholanzi, na mbali kule kanisa la mji, dogo kama ukucha.

Kwa mtoto wa Muleba, kanisa la namna hiyo ni Kashozi, misheni ya Mapadri Weupe ya mwaka 1892, miaka miwili tu baada ya Wajerumani kuweka boma Bukoba. Basi nikaandika kwenye daftari: dhamira, amani ya kiroho. Kumbe wapi! Lile shamba, Saxenburg, lilikuwa la Christoffel Thijs, na Rembrandt alikuwa anadaiwa naye fedha za nyumba aliyoinunua Amsterdam mwaka 1639. Jina la "mpima dhahabu" lilibandikwa baadaye kimakosa, watu wakidhani shamba ni la mtoza kodi ambaye Rembrandt aliwahi kumchora. Jina limekosewa, lakini fedha imo.

Hapo ndipo nilipoyatilia shaka mandhari ya kwetu. Ukiwa mbali unaona kanisa, migomba, mibuni na rweya; utulivu mtupu. Lakini chini ya migomba ile kulikuwa na nyarubanja: mtwarwa analima kibanja, pengine alichoachiwa na babu yake, na bado anamlipa mtwazi. Sheria ya kuwakomboa watwarwa ilikuja mwaka 1965, nchi ikiwa tayari na bendera yake. Mhakiki anayesifia mandhari ya Buhaya bila kuitaja nyarubanja, kwangu mimi bado hajaanza kazi.

Likizo nilimpelekea babu nakala ya picha. Hakuuliza kanisa ni la dhehebu gani.

"Kibanja hiki cha nani?"

Nikamwambia, cha mtu aliyekuwa anamdai mchoraji.

Akaguna, kisha akaagiza aletewe miwani.