Nani Anashuhudia Matibabu? Dai la Bima Marekani, Ufaransa na Tanzania

Faili la dai la matibabu la Marekani, likifunguliwa bila programu ya kulipangilia, ni msururu wa vinyota, nukta pacha na alama za wimbi. Hiki hapa ni kipande nilichokitunga kwa kufuata kanuni zake:

CLM*MG0417*185***11:B:1*Y*A*Y*Y~
HI*ABK:J189~
LX*1~
SV1*HC:99213*125*UN*1***1~
DTP*472*D8*20250304~
LX*2~
SV1*HC:71046*60*UN*1***1~
DTP*472*D8*20250304~

Mgonjwa wa dai hili alikwenda kliniki kwa daktari wake tarehe 4 Machi 2025 akikohoa. Namba 11 inasema alitibiwa kliniki, si hospitali. Ile 1 ya mwisho katika kundi lake, 11:B:1, inasema dai linatumwa kwa mara ya kwanza. Lingekuwa la kusahihisha dai la awali ingekaa 7, na la kulifuta ingekaa 8. J189 ni nimonia: ni J18.9 ya orodha ya kimataifa ya magonjwa, imeondolewa nukta kwa sababu kanuni za faili haziitaki. 99213 ni kuonwa na daktari, 71046 ni eksirei ya kifua ya pande mbili. Dola 125 na dola 60, jumla 185. Na ile 1 inayofunga kila mstari wa huduma ndiyo kiungo cha yote: inasema huduma hii ilitolewa kwa ajili ya ugonjwa wa kwanza kutajwa. Kiungo hicho kikikosewa, eksirei ya kifua ikaelekezwa kwenye ugonjwa wa goti, kompyuta ya kampuni ya bima italikataa dai hata kama picha ilipigwa, daktari akaisoma na mgonjwa akapona.

Mgonjwa mwenyewe yuko wapi humu? Tazama mwisho wa mstari wa kwanza: Y, A, Y, Y. Y ya kwanza inasema saini ya daktari iko jaladani. A inasema daktari amekubali kulipwa kwa utaratibu wa bima. Y mbili za mwisho ndizo za mgonjwa: ameruhusu fedha ziende kwa daktari, na ameruhusu taarifa zake zitolewe. Basi. Hakuna mahali anaposema kwamba alipigwa picha.

Dai la bima ni ushahidi. Mlipaji hakuwepo chumbani sindano ilipochomwa, kwa hiyo hana budi kuamini kauli ya mtu au ya kitu. Nikiyaweka mapokeo matatu bega kwa bega, ya Marekani, ya Ufaransa na ya Tanzania, naona kwamba kinachoyatenganisha hasa ni yupi aliyeteuliwa kuwa shahidi; tofauti ya mitambo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Marekani imeteua msimbo. Ufaransa imeteua kadi mbili. Tanzania iliteua saini ya mgonjwa. Na sasa tunapohamia kwenye madai ya kielektroniki, nina hofu kwamba tunamwacha shahidi wetu njiani bila mtu yeyote kukaa na kuamua kwamba aachwe.

Lugha ile ya vinyota haikuzaliwa hospitalini. Asili yake ni mizigo. Mwaka 1948 na 1949, Berlin ilipozingirwa na kulishwa kwa ndege, mwanajeshi wa Marekani Edward Guilbert alishiriki kubuni orodha ya mizigo ya mfumo mmoja, inayoweza kutumwa kwa teleksi, simu au redio, ili shehena za vyakula na makaa zijulikane zimetoka wapi na zinakwenda wapi. Mawazo hayo yalihamia kwenye biashara ya usafirishaji ya kiraia, na mwaka 1979 ikaundwa kamati ya viwango iitwayo X12. Sheria ya HIPAA ya Agosti 1996 ilipoamuru madai ya afya yatumwe kwa muundo mmoja, kamati hiyo ndiyo iliyokuwa na muundo tayari. Ukaitwa 837. Misimbo ya magonjwa nayo ina asili yake: inatokana na orodha ya sababu za vifo aliyoiwasilisha Mfaransa Jacques Bertillon mjini Chicago mwaka 1893. Kwa hiyo dai la leo limeunganisha hesabu ya shehena na hesabu ya maiti, likafanywa chombo cha kulipia walio hai. Sisemi hivyo kulibeza. Nataka ieleweke kwa nini mgonjwa hana sauti ndani yake: shehena haiulizwi kama imefika salama, wala marehemu haulizwi kilichomuua.

Ukali wa umbo hilo ni wa ajabu. Kila kifurushi cha madai hufunguliwa kwa mstari uitwao ISA, wenye herufi 106 kamili. Jina la mtumaji likiwa fupi, nafasi tupu hujazwa hadi litimie. Ikipungua nafasi moja, kifurushi kizima hurudishwa kabla dai hata moja halijasomwa. Watu wa kazi hii hutofautisha dai lililorudishwa na dai lililokataliwa. La kwanza halikuvuka mlango. Kwa mlipaji ni kama halijawahi kuwepo. La pili lilisomwa, likapimwa, likaandikiwa sababu ya kutolipwa kwa namba: 16 ikimaanisha taarifa zimepungua, 29 kwamba muda umepita. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, inatoa mwaka mmoja tangu siku ya huduma. Karani asiyefuatilia majibu ya mtambo anaweza kuamini kwamba alituma, kumbe hakutuma, na mwaka ukamwishia.

Na kwa kuwa walipaji ni mamia na kila mmoja ana masharti yake ya ziada juu ya muundo huo mmoja, zimestawi kampuni za kati zinazopokea madai, kuyasafisha na kuyasambaza. Tarehe 21 Februari 2024 mojawapo kubwa kabisa, Change Healthcare, ilishambuliwa na wadukuzi. Maduka ya dawa yalishindwa kuthibitisha bima za wateja, kliniki ndogo zikakosa fedha za mishahara, na mkuu wa kampuni mama, Andrew Witty, aliliambia Bunge la Marekani kwamba waliwalipa wadukuzi dola milioni 22. Madaktari waliendelea kutibu na wagonjwa waliendelea kujua walichotendewa. Lakini mfumo haukuwa na njia ya kuwasikia, kwa sababu ulikuwa umejifunza kusikia faili peke yake.

Ufaransa walianza na karatasi pia, wakaiacha kwa namna nyingine. Kadi ya kijani iitwayo Carte Vitale ilianza kugawiwa mwaka 1998. Mgonjwa anaiweka kwenye kisomeo mezani kwa daktari. Daktari naye ana kadi yake ya kitaaluma yenye namba ya siri. Kadi mbili zikikutana ndani ya kifaa kimoja, dai linazaliwa na kutumwa kwenye mfuko wa taifa. Mkutano huo ndio saini. Mgonjwa akisahau kadi, daktari anaweza kutuma dai kwa njia dhaifu zaidi, ila anatakiwa apeleke na karatasi. Naipenda sana kanuni hiyo. Shahidi wa kielektroniki akikosekana, wa karatasi anaitwa. Hakuna kujifanya kwamba ushahidi ni ule ule.

Lakini nguvu ya mapokeo ya Kifaransa iko pengine kuliko kwenye kadi. Kwa kawaida mgonjwa hulipa kwanza, ndipo arudishiwe. Kwa daktari wa kawaida ni euro 30 tangu mwishoni mwa 2024. Mfuko unarudisha asilimia 70, yaani 21, ukikata 2, zinabaki 19 zinazoingia benki, na bima ya nyongeza hufidia sehemu kubwa ya iliyobaki. Aliyetoa euro 30 mfukoni anajua alichofanyiwa. Kadi yenyewe inathibitisha tu kwamba kadi ilikuwepo, na kadi huazimwa. Ndiyo maana tangu 2007 kadi mpya zimewekwa picha. Kwenye maduka ya dawa, ambako mara nyingi mgonjwa halipi kwanza, mfumo wa Kifaransa unaanza kufanana na wetu, na udhaifu wake pia.

Sasa dirisha la bima la Tanzania. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, mtumishi akichangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 3. Chombo chake kikuu ni Fomu 2A na B: jina, namba ya kadi, umri, ugonjwa, vipimo, dawa, bei, na chini kabisa nafasi ya mgonjwa au mlezi wake kuthibitisha kwamba huduma zilizotajwa amezipata, akaandika jina, saini na namba ya simu. Hudhurio moja ni folio moja, na folio zinapewa namba kwa mwezi. Madai yalipohamia kwenye mtandao, folio ilihamia nayo. Ndani ya mfumo bado kila hudhurio ni folio yenye orodha ya magonjwa na orodha ya huduma.

Wakati wa kuhakiki, kinachokatwa Tanzania mara nyingi si nafasi tupu iliyopungua. Ni kupishana na mwongozo. Orodha ya taifa ya dawa muhimu imepanga kila dawa kwa ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D ya mkoa, na S ni za kibingwa. Zahanati ikidai dawa ya ngazi C, dai linakatwa, hata kama mganga alikuwa nayo kabatini na mgonjwa alikuwa hoi. Hapa mlipaji hatafuti ukweli wa tukio. Anatafuta kama tukio liliruhusiwa kutokea mahali pale. Naona ni haki kiasi, kwa sababu ngazi hizo zimewekwa kumlinda mgonjwa na matumizi mabaya ya dawa, lakini katika vijiji vilivyo mbali na hospitali ya wilaya ukali huo unawaumiza watoa huduma wenye nia njema.

Saini ya mgonjwa, kama wazo, ndiyo ninayoiona bora kati ya mashahidi hao watatu. Msimbo hauwezi kusema "sikupewa". Kadi haiwezi. Mtu anaweza. Ila tumeidhoofisha wenyewe kwa namna mbili. Kwanza, fomu imeandikwa kwa Kiingereza, na majina ya vipimo yamefupishwa kwa mwandiko wa haraka. Mama aliyesoma kwa Kiswahili maisha yake yote anaambiwa "saini hapa" chini ya orodha asiyoweza kuisoma. Pili ni wakati wa kusaini. Foleni ikiwa ndefu, fomu huweza kusainiwa mapema, kabla ya maabara, kabla ya dirisha la dawa, wakati safu ya huduma bado ni tupu. Saini ya namna hiyo inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba mtu alifika.

Na hicho hicho ndicho utambuzi wa vidole na sura unachothibitisha. Kenya ilipoanzisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024, kurithi mfuko wa tangu 1966, iliandamwa mapema na madai ya wagonjwa hewa; mwaka 2025 serikali ilisimamisha hospitali kadhaa kwa tuhuma za udanganyifu na kuhimiza utambuzi wa alama za vidole. NHIF ya Tanzania nayo inaelekea huko. Hatua hizo zinaziba tundu la kadi ya kuazima, na ninaziunga mkono, kwa sharti kwamba vidole vya wakulima na mafundi vilivyosuguliwa na kazi viwe na njia mbadala. Lakini kidole huwekwa mapokezini. Baada ya hapo mgonjwa anatoka kwenye ushahidi, na kituo kinabaki peke yake na orodha ya huduma.

Wamarekani wanajua pengo hilo, wakaliziba nyuma: mlipaji akishaamua, humpelekea mwanachama maelezo ya kilichodaiwa na kilicholipwa, yakiwa na tangazo kwamba hiyo si ankara. Mfaransa hufungua akaunti yake ya mtandaoni akaona. Yote mawili huja baada ya uamuzi, na mgonjwa anayebisha wakati huo anabishana na jambo lililokwisha.

Sisi tuna nafasi ya kumuuliza kabla. Namba yake ya simu tayari ipo kwenye fomu. Mahali pa kumuuliza ni dirisha la dawa, huduma ya mwisho ikishatolewa na folio ikishajulikana ina nini. Ujumbe mfupi kwa Kiswahili: umeonwa na daktari, umepigwa eksirei ya kifua, umepewa amoksilini vidonge 15, jibu 1 kama ni kweli, 2 kama kuna ambacho hukupata. Jibu lake liwe sehemu ya faili lenyewe, sehemu ambayo bila hiyo dai halivuki mlango, kama ilivyo kwa herufi 106 za ISA. Asiye na simu asomewe orodha hiyo kwa sauti na mtu wa dirishani, bei ikiwemo, kisha ndipo aweke kidole.